Jinsi ya Kujenga Taaluma ya Kufundisha Watoto Wachanga na Wanaoanza Kutembea

Wengi wanaoomba kazi ya kufundisha watoto wa chini ya miaka mitatu huandika katika barua zao kwamba wanapenda watoto. Upendo huo ni wa lazima, lakini hautoshi, kwa sababu kazi hii ina maarifa yake, taratibu zake na uchovu wake, na mtu asiyeyafahamu hayo mapema huikimbia baada ya muda mfupi huku akiwaacha watoto waliokwisha kumzoea. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuingia katika kazi hii akijua anachokifuata: asome nini, ajizoeze nini, achague kituo cha namna gani na afanye nini ili adumu.

Mtoto asiyesema anafundishwa nini?

Swali hili utaulizwa na ndugu, na marafiki, na pengine hata na mwajiri wako, kwa hiyo ni vema uwe na jibu lake kabla ya kuanza masomo. Mtoto anapozaliwa, ubongo wake una uzito wa takriban robo ya ubongo wa mtu mzima. Afikapo miaka miwili huwa umekwisha kufikia robo tatu au zaidi. Katika kipindi hicho anajifunza sauti za lugha, anajifunza kuutawala mwili wake, anajifunza kwamba kitu kilichofichwa bado kipo, na juu ya yote anajifunza kama watu wanaomzunguka huja anapowaita. Mafunzo hayo ya mwisho ndiyo yanayobeba mengine, kwa kuwa mtoto mwenye hofu hachunguzi chochote.

Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alianza kuliona jambo hilo kwa undani katika miaka ya 1950, alipokuwa akizitembelea familia nchini Uganda na kuwatazama mama na watoto wao nyumbani, kabla ya kuuendeleza uchunguzi wake nchini Marekani. Alichokizingatia sana ni jinsi mlezi anavyoisoma ishara ya mtoto na kuijibu kwa wakati na kwa namna inayofaa. Mtoto anayejibiwa hivyo humfanya mlezi kuwa kituo chake: huondoka kwenda kuchunguza, hugeuka kumtazama, hurudi kidogo, kisha huondoka tena. Ukiingia katika chumba cha watoto wa mwaka mmoja na kuona safari hizo fupi fupi za kwenda na kurudi, ujue kwamba masomo yanaendelea.

Kwa sababu hiyo, vipindi vya kufundisha katika kazi hii ni saa za kubadilisha nepi, kulisha, kuvisha, kulaza na kupokea watoto asubuhi. Mwalimu mpya huzichukulia kazi hizo kuwa usumbufu wa kumalizwa upesi ili apate nafasi ya “kufundisha”, na hapo ndipo anapokosea njia. Emmi Pikler, daktari wa watoto wa Hungaria ambaye mwaka 1946 alianza kuongoza nyumba ya kulelea watoto wachanga mjini Budapest, aliwazoeza walezi wake kumwambia mtoto kila wanachotaka kumfanyia kabla ya kumgusa, kusubiri kidogo ili naye ashiriki, na kutomharakisha. “Sasa nitauinua mguu wako.” Mlezi husema, husubiri, na baada ya majuma kadhaa mtoto huuinua mguu mwenyewe. Ndani ya dakika hizo chache mna lugha, ushirikiano na heshima kwa mwili wa mtoto, tena ana kwa ana, na zinajirudia mamia ya mara kwa mwaka bila kuhitaji kifaa chochote cha gharama.

Jipime kabla ya kulipa ada

Tafuta nafasi ya kujitolea katika kituo cha kulelea watoto mchana, au omba kukaa kwa siku kadhaa kama mtazamaji, kabla hujajiandikisha chuoni. Chagua chumba cha walio chini ya mwaka mmoja na kile cha wenye miaka miwili, kwa kuwa ni kazi mbili zinazotofautiana sana: kwa wachanga utabeba, utasubiri na utasikiliza, kwa wa miaka miwili utakimbia, utasuluhisha na utarudia neno moja mara nyingi bila kupandisha sauti.

Jiangalie unapokuwa humo. Kilio cha muda mrefu kinakufanyia nini? Je, unaweza kubaki mtulivu mtoto anapoendelea kulia hata baada ya kulishwa, kubadilishwa na kubembelezwa, au unahisi hasira ikipanda? Hasira hiyo si aibu, na hata walezi wazoefu huipata, lakini mwenye kuifaa kazi hii ni yule anayeitambua mapema, anayemweka mtoto mahali salama na kumwita mwenzake ampokee. Mtoto mchanga hatikiswi kamwe kwa sababu yoyote, kwa maana kutikiswa kunaweza kuujeruhi ubongo na hata kuua. Angalia pia magoti na mgongo wako, kwa sababu sehemu kubwa ya siku utakuwa umeketi sakafuni, umechuchumaa au unanyanyua.

Kuchagua mafunzo

Kozi za malezi na elimu ya awali hutolewa katika ngazi za cheti, stashahada na shahada, na masharti ya ajira hutofautiana kutoka nchi moja hadi nyingine. Anza kwa kuuliza mamlaka inayosajili vituo vya watoto mahali unapotaka kufanya kazi ni sifa zipi zinazotakiwa, kisha ndipo uzungumze na vyuo. Ukianza na vyuo, utauziwa kozi waliyo nayo.

Kuna mtego mmoja wa kuutazama kwa makini. UNESCO huihesabu awamu ya utoto wa awali kuwa ni tangu kuzaliwa hadi miaka minane, na kozi nyingi zinazobeba jina hilo huelemea upande wa wakubwa: kusoma, kuhesabu, maandalizi ya darasa la kwanza. Mtoto wa miezi minne hupewa mihadhara miwili mitatu na kuachwa hapo. Omba kuonyeshwa mtaala wenyewe, na utafute ndani yake uhusiano wa mtoto na mlezi, ukuaji wa mwili na lugha katika miaka mitatu ya kwanza, ulishaji, watoto wenye ulemavu, ulinzi wa mtoto, na mbinu za kumtazama mtoto na kuandika. Uliza mafunzo kwa vitendo ni ya majuma mangapi, mangapi kati ya hayo yatakuwa pamoja na watoto wa chini ya miaka miwili, na nani atakayekuja kukutazama ukifanya kazi. Kozi isiyo na vitendo kabisa inaweza kukupa karatasi, lakini haitakupa mikono inayojua kumshika mtoto wa majuma kumi.

Pamoja na kozi hiyo, chukua mafunzo ya huduma ya kwanza kwa watoto wachanga, tena yale ya ana kwa ana yenye mwanasesere wa kufanyia mazoezi, na uyarudie kila yanapokwisha muda wake. Mchanga hahudumiwi kama mtu mzima. Akipaliwa na kitu kilichokwama kooni na akashindwa kulia au kukohoa, hulazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, akapigwa mapigo 5 kati ya mabega, kisha hugeuzwa na kusukumwa kifuani mara 5, na mzunguko huo hurudiwa huku msaada ukiitwa. Kusukuma tumbo hakufanywi kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Kusoma sentensi hii hakutoshi. Mikono lazima iwe imekwisha kufanya kabla ya siku ya haja.

Yako mengine yasiyo na mjadala. Mtoto mchanga hulazwa chali, juu ya godoro gumu, bila mto, bila blanketi zito na bila midoli kitandani. Nchi zilizoendesha kampeni ya kuwalaza watoto chali katika miaka ya 1990 ziliona vifo vya ghafla vya usingizini vikipungua sana. Asali haipewi mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hata kwa kuonjeshwa, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo utumbo wake hauwezi kupambana navyo. Karanga nzima na matunda ya duara yasiyokatwa huwekwa mbali. Mikono huoshwa kabla na baada ya kila nepi, na mtoto aliye juu ya meza ya kubadilishia haachiwi hata kwa kufumba na kufumbua.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 unaofaa kubandikwa katika kila chumba cha watoto: mtoto wa chini ya miaka miwili hawekwi mbele ya skrini, asifungwe katika kiti, kigari au mgongoni kwa zaidi ya saa moja mfululizo, na mchanga ambaye bado hajaanza kutambaa apate jumla ya angalau dakika 30 kwa siku za kulazwa kifudifudi akiwa macho. Usingizi pia umo: saa 12 hadi 16 kwa siku kwa mtoto wa miezi 4 hadi 11, pamoja na usingizi wa mchana. Ratiba ya kituo inayowaamsha wachanga ili “washiriki kipindi” inakwenda kinyume cha mahitaji yao.

Jizoeze kutazama na kuandika

Huu ndio ujuzi unaomtenganisha mwalimu na mtu anayewashika watoto tu, nami nashauri uanze kuujenga siku ile ile unapoamua kuifuata kazi hii. Nunua daftari. Mtazame mtoto mmoja kwa dakika kumi, kwa idhini ya wanaohusika, na uandike alichofanya bila kumhukumu.

Mwanzoni utaandika hivi: “Leo alikuwa msumbufu wakati wa chakula.” Sentensi hiyo inaeleza uchovu wako tu. Andika upya: “Saa 4:10 asubuhi aliangusha kijiko, akainama kukitazama, akamtazama mlezi, akatoa sauti. Alipookotewa alikiangusha tena kwa mkono wa kushoto, akacheka kilipogonga sakafu.” Sasa unaona mtoto wa miezi kumi anayechunguza kuanguka kwa vitu, anayetafuta sauti, na anayejaribu kujua kama mtu atamrudia. Kesho utamwekea kikapu chenye vitu vya aina mbalimbali, vya mbao, vya chuma, vya kitambaa, vikubwa kiasi cha kutomezeka, uketi karibu naye kimya, na umwache. Kikapu cha namna hiyo kilienezwa na Elinor Goldschmied, mwalimu wa Uingereza, na thamani yake iko katika kwamba mtoto ndiye anayechagua na mtu mzima haingilii.

Andiko sahihi litakusaidia pia pale wasiwasi unapoingia. Ukuaji una nafasi pana: katika uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa katika nchi kadhaa, watoto wenye afya walianza kutembea bila kushikwa kati ya miezi 8 na karibu miezi 18, kwa hiyo mtoto wa miezi 14 ambaye bado anasimama dede hapaswi kulinganishwa na jirani yake aliyekwisha kukimbia. Lakini mtoto asiyegeukia sauti, asiyemtazama mtu usoni kwa muda mrefu, au aliyepoteza uwezo aliokwisha kuwa nao, kama kubwabwaja au kupunga mkono, anahitaji kuonwa na mtaalamu bila kusubiri. Kazi yako ni kuwaeleza wazazi ulichokiona, kwa tarehe na mifano, na kuacha jina la ugonjwa litajwe na mwenye taaluma hiyo.

Kutafuta kituo cha kufanyia kazi

Hesabu watoto na watu wazima. Katika baadhi ya nchi sheria huruhusu watoto wasiozidi watatu kwa kila mtu mzima katika umri huu, kwingine wanne, na kwingine sheria iko kimya. Hata pale ilipo kimya, mikono ya mtu ni miwili. Ukikuta mlezi mmoja na wachanga wanane, hakuna elimu itakayoweza kutendeka humo, hata mlezi huyo angekuwa na shahada, na wewe utajikuta ukichagua kila saa ni kilio kipi cha kuacha.

Jambo la pili ni kama kila mtoto amepewa mlezi wake mahususi, anayempokea, anayembadilisha na anayezungumza na wazazi wake, au kama watoto hupitia mikononi mwa yeyote aliye karibu. Uliza walezi hukaa katika chumba kimoja kwa muda gani kabla ya kuhamishwa. Angalia kama televisheni imewashwa, kama wachanga wamefungwa vitini muda mrefu, kama sinki la kunawia liko karibu na meza ya nepi na mbali na chakula, na sauti ya watu wazima ikoje wanapodhani hakuna anayesikiliza. Mkurugenzi anayekasirika kwa kuulizwa maswali hayo amekujibu.

Siku ya usaili chukua vyeti vyako, uthibitisho wa polisi kwamba huna rekodi ya uhalifu, kumbukumbu za chanjo, na kurasa mbili tatu za daftari lako zilizoondolewa majina ya watoto. Vituo vizuri hukuomba uingie chumbani kwa saa moja ili wakuone. Usimbebe mtoto usiyemjua mara tu unapoingia, hata akiwa wa kuvutia kiasi gani. Keti chini, pembeni kidogo, salimia kwa sauti ya kawaida, na umwache akutazame mpaka atakapoamua kukusogelea. Anayekuajiri akijua kazi yake, ataona kwamba umemheshimu mtoto kwanza.

Wanaume huwa wachache katika vyumba hivi, na wengine hukatishwa tamaa na macho ya watu. Ikiwa wewe ni mwanamume unayeipenda kazi hii, ifuate. Kanuni za kuwalinda watoto, kama kubadilishia nepi mahali panapoonekana na kutofunga mlango ukiwa peke yako na mtoto, zinawahusu walezi wote sawasawa, na kituo chenye kanuni hizo kinamlinda mtoto na mlezi pia.

Miezi ya kwanza kazini

Kuanzia karibu miezi minane, watoto wengi huanza kulia wanapoachwa na wazazi wao, na hali hiyo hushika kasi zaidi kati ya miezi 10 na 18. Omba kila mtoto mpya aanze kidogo kidogo: siku ya kwanza pamoja na mzazi, kisha mzazi atoke kwa muda mfupi, kisha nusu siku. Mzazi asitoroke mtoto akiwa amegeuka. Aage, hata kama machozi yatatoka, kwa sababu mtoto aliyetorokwa hukesha akilinda mlango badala ya kucheza, ilhali aliyeagwa hujifunza polepole kwamba anayeaga hurudi. Waulize wazazi nyimbo wanazombembelezea, namna anavyopenda kulazwa, na maneno yanayotumika nyumbani kwa maziwa, maji na usingizi. Ikiwa lugha ya nyumbani si ya kituo, jifunze maneno hayo kwa lugha yao.

Zungumza na watoto siku nzima, ukiwatazama. Edward Tronick, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba mama anapokaa mbele ya mtoto wake mchanga kwa uso usio na hisia kwa dakika chache tu, mtoto hujaribu kumrudisha kwa tabasamu na sauti, na akishindwa hufadhaika na kugeuka pembeni. Simu mkononi mwa mlezi huufanya uso wake kuwa kama ule. Iache katika begi lako.

Kisha kuna kuuma, jambo linalowatisha walezi wapya na wazazi kuliko karibu yote mengine. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu huuma kwa sababu meno yanaota, kwa sababu amechoka, kwa sababu chumba kimebanana, au kwa sababu ametaka kitu na hana neno lake. Mwendee kwanza aliyeumwa, umtulize na kumwosha. Mwambie aliyeuma kwa maneno machache, “Kuuma kunaumiza. Sikubali uume,” bila kumpigia kelele na bila kumuuma ili aonje. Halafu rudi kwenye daftari: ilikuwa saa ngapi, karibu na nani, kabla ya usingizi au baada yake? Mara nyingi mpangilio utajitokeza, nawe utaweza kukaa karibu naye katika saa hizo, kuongeza mdoli wa pili wa aina ileile, au kuligawa kundi. Wazazi wa pande zote mbili waelezwe siku hiyo hiyo, lakini jina la aliyeuma lisitajwe.

Kila jioni mpe mzazi taarifa fupi ya usingizi, chakula, nepi na jambo moja ulilolishuhudia. Kuhusu hatua ya kwanza ya mtoto, walezi hutofautiana. Mimi naona ni heri kumwambia mzazi, “Yu karibu kutembea, mtazameni leo,” na kumwachia furaha ya kuiona. Picha za watoto zisitoke katika simu yako wala kuingia mitandaoni bila ruhusa ya maandishi.

Mshahara, afya na kupanda ngazi

Mahali pengi kazi hii hulipwa chini ya thamani yake, na ni dhuluma inayopaswa kusemwa waziwazi. Kabla ya kusaini mkataba, soma kuhusu likizo ya ugonjwa, kwa maana katika mwaka wa kwanza utaambukizwa mafua na maradhi ya tumbo mara kwa mara. Uliza kama mapumziko ya mchana ni ya kweli, na kama kuna muda unaolipwa wa kuandika na kupanga. Chuchumaa unaponyanyua, mkumbatie mtoto karibu na kifua, na waache wanaotembea wapande wenyewe ngazi fupi hadi kwenye meza ya nepi.

Baada ya miaka michache njia hugawanyika. Unaweza kuwa kiongozi wa chumba, mkufunzi wa wanafunzi walio katika vitendo, mtembelea familia majumbani, msaidizi wa watoto wenye ulemavu katika miaka yao ya mwanzo, au mkuu wa kituo. Baadhi ya vyuo huhesabu uzoefu wa kazi kwa anayetaka kupanda kutoka cheti hadi stashahada, ilimradi uwe na ushahidi. Hifadhi basi daftari zako, barua za tathmini na vyeti vya kila semina katika jalada moja, ukiandika tarehe na idadi ya saa, na uombe barua ya uthibitisho kutoka kila kituo siku unapoondoka, kabla viongozi waliokufahamu hawajabadilika.